KUCHOMA, KUCHONGEA NA KUSHUHUDIA: NENO MOJA LIMETUCHANGANYIA DINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Ndugu yangu katika imani, darsa la leo ni refu kidogo. Lisome lote kabla ya kunijibu, na usilikate kipande ukakipeleka kwenye grupu jengine, maana utaona mbele kwamba hiyo nayo ni sehemu ya maradhi ninayotaka kuyasema.

Wiki iliyopita, baada ya Maghrib, nilipita kwenye maskani ya vijana upande wa Mkunazini. Nikawasikia wanaulizana kwa hasira: "Nani kamchoma?" Nikasimama, nikawauliza kachomwa nani na kachomwa nini. Wakanieleza. Mwenzao mmoja anatumia unga. Kijana mwengine, rafiki yake tangu skuli, alimkuta ameanguka chooni, hajitambui. Akamwagia maji mpaka akazindukana, kisha akaenda kwa mama yake mgonjwa akamwambia: "Bi mkubwa, mwanao anaangamia." Basi. Hilo ndilo kosa. Maskani nzima imekubaliana asipewe salamu, asikae kwenye baraza, kwa sababu ni snichi, ni mnoko, kamchoma mwenzake.

Nikawauliza: "Jee, yule aliyempa unga mnampa salamu?" Wakainamisha vichwa. Wanampa.

Hapo ndipo lilipozaliwa darsa hili. Muislamu anayemuuzia sumu mwenziwe anasalimiwa, na Muislamu anayemuokoa mwenziwe ananuniwa. Vipi tumefika huku? Tumefika kwa neno moja tu tulilolitumia bila ya kulipima.

NENO LENYEWE

Kuchoma halikuwa neno baya. Mishikaki inachomwa Forodhani, mtoto anachomwa sindano ya chanjo, jua la kaskazi linachoma, na fundi wa mageti anachomea vyuma. Lakini mtaani, kumchoma mtu ni kuzitoa habari zake kwa mwenye mamlaka juu yake: mwanafunzi kwa mwalimu, mfanyakazi kwa tajiri, mtoto kwa mzee, raia kwa polisi. Kumchomea utambi ni kubaya zaidi, maana unawasha moto kisha unakaa mbali, mripuko uje wenyewe. Kumuuza ni kumtoa kwa malipo. Mnoko ni yule ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Na vijana wa sasa wameongeza la Kizungu, wanasema snichi.

Sasa tazama wazee wetu walivyokuwa na akili. Wao hawakuwa na neno moja, walikuwa na mengi, na kila moja lina mahali pake. Duzi ni anayetega sikio dirishani kusikiliza yasiyomhusu. Sabasi ni anayetoa neno hapa akalipeleka pale mpaka watu wagombane. Mchongezi ni anayekwenda kwa mkubwa kumharibia mwenziwe, na ndani ya neno hilo mna kuchonga: anauchukua ukweli kama gogo, anaukata huku na huku mpaka utoke umbo analolitaka yeye. Hao watatu walichukiwa, na walistahiki kuchukiwa.

Lakini wazee hao hao walikuwa pia na kushitaki, kutoa ushahidi, kuonya, na kunasihi. Mtu aliyedhulumiwa akaenda kwa kadhi hakuitwa mchongezi, aliitwa mshitaki. Aliyeona akasema hakuitwa sabasi, aliitwa shahidi. Aliyekwenda kwa mzazi kumwambia "mtazame mwanao" hakuitwa duzi, aliitwa jirani mwema.

Sisi tumeyachukua yote hayo, halali na haramu, tukayatia chungu kimoja, tukakiita kuchoma. Mwenye kufaidika na mchanganyiko huo ni mmoja tu: mwenye la kuficha.

KWA NINI TUNALICHUKIA SANA

Kabla sijakulaumu, nikiri kwamba chuki yetu ina sababu. Watu wa Unguja hawakuanza jana kuwaogopa wachongezi.

Waulize wazee waliokuwa watu wazima baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Ulikuja wakati ambapo watu walikuwa wakiteremsha sauti ndani ya nyumba zao wenyewe. Idara ya usalama iliundwa, na Ujerumani Mashariki, ile iliyotujengea majumba ya Kikwajuni na Michenzani, ndiyo iliyotufundishia na watu wa usalama. Mtu alisema neno kwenye kahawa, usiku akagongewa mlango. Wako waliorudi na wako ambao hawakurudi mpaka leo, na watu wao hawajui hata kaburi. Na wengi wa waliochomwa hawakuchomwa kwa kosa. Walichomwa kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya mke, kwa ajili ya kinyongo cha zamani kilichopata mlango wa kupitia.

Ukaja mfumo wa vyama vingi, ikawa mtu anachongewa kwa rangi ya kofia yake. Sitaji chama, kila mmoja anajua kwake kulikuwaje. Jirani alimharibia jirani kazi, watu wakaacha kuzikana. Kwa hiyo mzee anapomwambia mjukuu wake "mdomo wako uufunge", anamrithisha kovu, na mimi siwezi kulicheka kovu la mtu.

Ila ndugu yangu, kovu si dalili ya sharia. Mtu aliyeungua na moto huogopa hata moto wa kupikia, lakini hatumwambii alale na njaa.

YALIYO HARAMU, BILA YA KUPINDA

Naanza na upande huu ili asije mtu akasema Ustadh amewapa ruhusa wambea.

La kwanza, namima, yaani kuhamisha maneno baina ya watu kwa kutaka kuharibu. Katika Surat Al-Qalam, aya ya 10 na 11, Allah anamkataza Mtume wake (S.A.W.) asimtii mwenye kuapa ovyo, msengenyaji, anayekwenda huku na huku na fitina. Na katika Hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametwambia kwamba mfitinishaji hataingia Peponi. Na alipopita kwenye makaburi mawili akatueleza kwamba waliomo wanaadhibiwa, mmoja wao kosa lake lilikuwa hili. Hakuiba wala hakuua, alikuwa akibeba maneno tu.

La pili, ujasusi, kupekua aibu za watu. Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana, na ikafananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Wewe unayefungua simu ya mkeo usiku akiwa amelala, unayerekodi mazungumzo ya watu kwa siri, unayechungulia nani kaingia nyumba gani saa ngapi: hii ndiyo aya yako.

La tatu, kupeleka habari usiyoihakiki. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, tumeamrishwa tuchunguze tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Nasi tuna msemo wetu, "lisemwalo lipo". Hapana! Usiufanye msemo ukawa hukumu. Mengi yanayosemwa hapa mjini hayapo na hayajapata kuwapo.

Na sasa tazama hali zetu. Dada mmoja kamtumia rafiki yake voisi ya siri, asubuhi iko kwenye magrupu matano ya WhatsApp, mpaka jamaa wa Maskati na Dubai wameisikia. Picha ya skrini inakatwa juu na chini, libaki neno moja la kumuumiza mtu. Jirani hana raha na biashara ya mwenziwe, anakwenda kwa sheha na hadithi ya kubuni. Mfanyakazi anataka nafasi ya mwenzake, anamchonga kwa bosi. Hayo tunayafanya mchana kweupe, na aghlabu husikii mtu anaitwa snichi. Tunayaita "habari za mjini".

Umeliona tatizo? Tulilokatazwa kulibeba tunalibeba mpaka ng'ambo. Tulilotakiwa kulisema tunalimeza.

YALIYO WAJIBU, BILA YA KUPINDA VILE VILE

Surat Al-Baqara, aya ya 283: tumekatazwa kuficha ushahidi, na mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini. Zingatia, dhambi imewekwa moyoni, si ulimini tu. Surat An-Nisaa, aya ya 135: tumeamrishwa tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Allah hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hakuna aya iliyosema "isipokuwa akiwa mshikaji wako wa maskani."

Katika Surat Al-Qasas, aya ya 20, wakubwa wa Firauni walikaa kupanga kumuua Nabii Musa (A.S.). Akatoka mtu mwisho wa mji akija mbio, akamwambia wanakula njama wakuuwe, toka, mimi nakunasihi. Kwa lugha ya maskani, mtu yule kawachoma wakubwa zake. Kwa lugha ya Qur'ani, ni mwenye nasaha, na mbio zake zinasomwa misikitini mpaka Kiyama.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha kijana Zayd bin Arqam (R.A.), kilichopokewa na Bukhari. Katika safari ya vita alimsikia Abdullah bin Ubayy, mkubwa wa wanafiki, akiwaambia watu wake wasiwape chochote walio na Mtume, na kwamba wakirudi Madina mtukufu atamtoa mnyonge. Zayd akamwambia ami yake, ami yake akamfikishia Mtume (S.A.W.). Ibn Ubayy akaitwa, akaapa kwamba hakusema, na wenziwe wakaapa naye. Kikachukuliwa kiapo chao, kijana akaonekana muongo. Anasema Zayd mwenyewe kwamba alishikwa na huzuni ambayo hajawahi kuipata mfano wake, akajifungia nyumbani. Hata ami yake akamlaumu: ulitaka nini wewe? Kisha ikashuka Surat Al-Munafiqun. Mtume (S.A.W.) akamwita, akamsomea, akamwambia kwamba Allah amemsadikisha.

Fikiri. Mkubwa wa mji upande mmoja, anaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtoto upande wa pili, hana isipokuwa sikio lake na ukweli. Na wahyi ukashuka kumtetea mtoto.

Wangapi wa aina ya Zayd wamejifungia ndani leo hapa Unguja, na sisi ndio tuliowafungia?

"LAKINI USTADH, SITARA?"

Najua hili litakuja, kwa hiyo nalijibu hapa.

Kweli, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera. Hadithi iko kwa Muslim. Na Maiz alipozini, Hazzal ndiye aliyemhimiza aende kwa Mtume, na Mtume (S.A.W.) akamwambia Hazzal kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa bora kwake. Imo kwa Abu Daud.

Lakini tazama ni dhambi gani hiyo. Ni dhambi baina ya mja na Mola wake, imepita, mwenyewe anajuta. Hiyo isitiri, na ukiitoa wewe ndiye mwenye kosa. Ama dhambi ambayo chini yake kuna mtu anayeumia, na kesho ataumia tena, na kesho kutwa ataumia na mdogo wake, hiyo kuifunika haiitwi sitara. Hiyo inaitwa kumshikia mlango mwizi.

Imamu Nawawi katika Riyadhu Swalihina amezitaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake. Miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kushitaki kwa mwenye uwezo wa kumtendea haki, kuomba msaada wa kuondoa munkari, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Fatma bint Qays (R.A.) alipomtaka ushauri Mtume (S.A.W.) juu ya wanaume wawili waliomposa, alimwambia wazi kasoro ya kila mmoja wao. Na Mtume (S.A.W.) hasengenyi.

Basi sasa nitasema jambo zito, na nianze na nafsi yangu.

Miaka mingi nyuma, mama mmoja alinijia baada ya Isha. Alikuwa na shaka juu ya jamaa wa karibu na mtoto wake mdogo. Alikuwa akitetemeka. Mimi, kwa ujana wangu wa elimu, nikamwambia: "Usitiri, usiuchafue ukoo, lifikisheni kwa wazee mlimalize ndani." Wakalimaliza ndani. Yaani, mkubwa alisamehewa, na mtoto akaachwa chini ya dari ile ile. Haukupita muda mrefu nikasikia la mtoto wa pili. Wallahi, mpaka leo nikisoma ile aya ya moyo wenye dhambi najiona nimeandikwa mimi. Nilimwendea yule mama nikamuomba radhi. Kunisamehe amenisamehe, lakini mtoto hakuwa wangu wala wake kumsamehea.

Kwa hiyo nikisema, nasema kwa uchungu. Udhalilishaji wa watoto upo katika visiwa hivi. Tumewekewa Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, ikiwemo hospitali ya Mnazi Mmoja, mtoto anapokewa, anatibiwa na kusikilizwa mahali pamoja. Zimeanzishwa na mahakama maalumu za kesi hizi. Na bado kila siku tunasikia kilio kile kile: kesi imekufa, mashahidi hawakuja. Mjomba hakuja, jirani hakuja, na ustadhi pia hakuja. Kila mmoja anasema, "Mimi simchomi mtu."

Na wako wanaofika mbali zaidi, wanamtaka mtoto alete mashahidi wanne! Subhanallah. Mashahidi wanne wa Surat An-Nur wamewekwa kumlinda mtu asizuliwe zinaa. Hawakuwekwa kumlinda dhalimu na kilio cha aliyemdhulumu. Mtoto anayesema "kaniumiza" hamzulii mtu zinaa, anashitaki dhulma.

Na walimu wenzangu wa vyuo nawaambia: anapotuhumiwa mmoja wetu, tusiwe wa mwanzo kusema "wanatuchafulia dini". Dini haichafuliwi na anayesema. Inachafuliwa na aliyefanya na anayemficha.

CHOMBO KIMOJA

Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyo kwa Bukhari, ametupigia mfano wa watu ndani ya jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakaona kila wakitaka maji wanawasumbua wa juu, wakasema tutoboe sehemu yetu wenyewe. Wakiachwa wanaangamia wote. Wakishikwa mikono wanaokoka wote.

Sisi watu wa visiwani mfano huu hatuhitaji kufasiriwa. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 Spice Islander iling'oa nanga bandari ya Malindi kwenda Pemba, imebeba watu zaidi ya mara mbili ya wanaoruhusiwa, na mizigo juu yake. Alfajiri ya tarehe 10 ilikuwa imezama upande wa Nungwi. Mwaka haukutimia, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Allah awarehemu maiti wetu wote. Sitaki kumlaumu marehemu wala aliyefiwa. Nauliza walio hai: leo ukisimama gatini ukaona chombo kimezidi, utasema? Au utaogopa kuambiwa umewachomea watu riziki zao?

VIPIMO VINNE

Usiniambie "Ustadh umetuchanganya, tuseme au tusiseme?" Chukua vipimo hivi, vitie moyoni kabla hujafungua mdomo.

1. Nimeona, au nimesikia? Kama umesikia tu, usieneze. Ukikhofia madhara, mfikishie mwenye uwezo wa kuchunguza, na useme wazi kwamba umesikia.

2. Nampelekea nani? Anayeweza kuondoa madhara: mzazi, sheha, daktari, polisi, mahakama. Si baraza la kahawa wala si grupu la watu mia mbili. Ukiona habari yako ina wasikilizaji wengi na msaada haba, jua umeingia kwenye namima.

3. Nataka nini? Kumuokoa mtu, au kumuona fulani anaanguka? Hili hakuna anayekujulia isipokuwa Allah, kwa hiyo jiulize ukiwa peke yako.

4. Nimesema kadiri ya haja? Mwenye nasaha husema lile linalohitajika akanyamaza. Mchongezi huongeza chumvi, kisha hurudi kesho na jengine.

Na wewe unayeletewa maneno, nawe una wajibu. Wanavyuoni wametufundisha: usiharakie kumsadiki mfitini, mkataze, usimdhanie vibaya ndugu yako kwa maneno ya mtu, usiende kupeleleza, na usiyasimulie. Lakini akija mwenye kilio, mtoto au mke au yatima, usimfukuze kwa hukumu ya mfitini. Msikilize, kisha hakikisha.

MWISHO

Nilirudi kwenye ile maskani juzi. Nikamchukua yule kijana mkono, nikakaa naye kwenye baraza lao mbele yao wote, nikaagiza kahawa. Nikawaambia: "Huyu hakumchoma mtu. Mwenzenu alikuwa keshaungua, huyu kamwagia maji." Wawili wakampa salamu. Wengine bado. Mama wa yule mgonjwa amempeleka mwanawe kwenye nyumba ya matibabu, na tunamuombea.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaficha maradhi ya mji mzima, kisha tunamsusia anayeita tabibu.

Ewe Mola wetu, zilinde ndimi zetu na fitina, na uzifungue kwenye haki. Wasitiri wenye kutubia, na usimsitiri dhalimu juu ya watoto wetu. Wape subira akina Zayd wa zama zetu mpaka ukweli wao udhihiri. Aamin.

Ukitaka kulisambaza, lisambaze lote. Na kwenye maoni hapa chini msimtaje mtu yeyote kwa jina. Mwenye jambo la kweli alipeleke panapohusika.

Wallahu a'lam.